Metali Inayotambaa: Jinsi Aloi za Joto Kali Zinavyorefuka na Kukatika

Ukishika mkononi panga moja la turbaini ya injini ya ndege, lile la safu ya kwanza nyuma ya chumba cha moto, utaona kitu kisichotisha hata kidogo: kipande cha metali cha ukubwa wa kiganja, kimepinda kidogo, kina vitundu mwilini. Tuchukulie lina uzito wa gramu 300, liko sentimita 40 kutoka katikati ya mhimili, na mhimili unazunguka mara 10,500 kwa dakika. Piga hesabu ya kawaida ya fizikia: linavutwa kuelekea nje kwa nguvu sawa na uzito wa tani 15 hivi. Gesi inayolipiga usoni ina joto linalopita nyuzi 1,500 za Selsiasi, na nikeli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili wake, huyeyuka kwa nyuzi 1,455. Kinacholiokoa ni hewa inayopitishwa tumboni mwake na kutokea kwenye vile vitundu, pamoja na koti jembamba la kauri. Hata hivyo metali yenyewe hubaki kwenye nyuzi 1,000 hadi 1,100, na hapo ndipo inapofanya kazi kwa maelfu ya saa.

Je, aloi hiyo, yaani mchanganyiko wa nikeli na metali nyingine, ina nguvu? Swali hilo halijakamilika. Mtu anayeifahamu kazi hii atakurudishia lake kwanza: kwa muda gani?

Tumezoea kuifikiria nguvu ya metali kama namba moja. Waya huu unabeba kilo 100. Ukiutundikia 80 utakaa, ukiutundikia 120 utakatika. Kwenye baridi mazoea hayo hayana ubaya mkubwa, kwa sababu waya uliostahimili mzigo leo utaustahimili na mwakani. Upashe waya huohuo joto la kutosha, uutundikie kilo 30 tu, uondoke. Ukirudi kesho umerefuka unywele mmoja. Wiki ijayo umerefuka kidogo tena, ingawa hakuna aliyeongeza mzigo wala moto. Siku moja unakatika. Mwendo huu wa metali kunyooka polepole chini ya mzigo usiobadilika tutauita mtambao, kwa sababu metali hutambaa kweli, tena kimyakimya.

Mwaka 1910 mwanafizikia Mwingereza Edward Andrade alichapisha vipimo vyake vya nyaya zilizovutwa kwa mkazo usiobadilika, zikiwemo nyaya za risasi. Kuchagua risasi kulikuwa na maana. Kwa metali, “joto kali” halisomwi kwenye kipimajoto peke yake. Hulinganishwa na kiwango cha metali hiyo kuyeyuka, tena kwa kuhesabu kuanzia sifuri halisi, iliyo nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, sawa na Kelvini 600. Chumba cha kawaida kina Kelvini karibu 300. Risasi iliyotulia mezani, basi, imekwisha kufika nusu ya njia ya kuyeyuka, na ndiyo sababu mabomba na mapaa ya kale ya risasi hulegea na kuning’inia bila kuguswa na moto.

Mtambao huanza kuwa jambo la kuhesabiwa metali inapofika takriban sehemu nne za kumi za kiwango chake cha kuyeyuka. Kwa alumini hiyo ni nyuzi 100 tu, joto la maji yanayochemka. Kwa chuma ni nyuzi 450 hivi. Uzi wa tangsteni wa balbu za zamani uliwaka kwenye nyuzi 2,500 au zaidi, yaani robo tatu ya njia, na ulikuwa ukining’inia kwa uzito wake wenyewe hadi watengenezaji walipojifunza kuutia mapovu madogo mno ya potasiamu. Panga letu la nikeli nalo liko robo tatu ya njia, na juu yake limebeba tani 15.

Jongoo ndani ya fuwele

Metali ni fuwele: atomi zimepangwa safu kwa safu, kwa mpangilio unaojirudia. Kuipinda metali moja kwa moja maana yake ni kuziteleza safu hizo, moja juu ya nyingine. Lakini ukikokotoa nguvu inayohitajika kutelezesha safu nzima kwa mkupuo, unapata namba kubwa kupindukia, mara mamia au maelfu ya ile inayopimwa kwenye fuwele safi na laini. Kitendawili hicho kilijibiwa mwaka 1934 na watu watatu, kila mmoja kivyake: Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi. Safu haiteleziki kwa mkupuo. Mtazame jongoo: hainui miguu yote pamoja, bali wimbi la miguu michache hupita kutoka nyuma hadi mbele, na mwili mzima unasogea. Ndani ya fuwele nako kuna mstari ambapo atomi hazikukutana sawasawa, kama kiungo kilichotenguka. Mtenguko huo unapopita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, safu nzima imesogea hatua moja ya atomi, kwa gharama ndogo. Ilichukua miaka ishirini na zaidi kabla mitenguko haijaonwa ikitembea kwenye hadubini ya elektroni, mwaka 1956.

Kuiimarisha metali, kwa hiyo, ni kuwawekea majongoo vizuizi. Unachanganya atomi za ukubwa tofauti. Unaotesha ndani yake chembechembe ngumu. Unaifua ili mitenguko iwe mingi hadi ikwamane yenyewe kwa yenyewe. Kwenye baridi, mtenguko ukifika kwenye kizuizi husimama, na mambo huishia hapo.

Joto linapopanda, huingia kitu kinachobadilisha mchezo wote. Fuwele huwa na nafasi tupu, mahali panapostahili atomi lakini hapana. Kwenye baridi ni adimu mno. Karibu na kiwango cha kuyeyuka, takriban nafasi moja kati ya 10,000 huwa tupu, na atomi za jirani huruka kuingia humo mara nyingi mno kwa sekunde. Nafasi tupu zikiufikia mtenguko uliokwama, huumega atomi kwa atomi, na mtenguko hupanda kutoka safu yake hadi safu ya juu. Umekikwepa kizuizi. Unateleza hadi kinachofuata, unasubiri, unapanda tena.

Hapa ndipo muda unapoingia. Kizuizi ambacho kwenye baridi kilikuwa ukuta, kwenye joto ni foleni. Hakizuii, kinachelewesha. Kazi yote ya wabunifu wa aloi za joto kali kwa miaka themanini na zaidi imekuwa kuirefusha foleni hiyo.

Kasi ya foleni inategemea mambo mawili, na yote mawili ni makali. La kwanza ni mkazo. Mwaka 1929 F. H. Norton alieleza kwamba kasi ya mtambao hufuata mkazo ulioinuliwa kwa kipeo fulani, na kwa metali nyingi kipeo hicho ni kati ya 3 na 8. Kikiwa 5, mzigo ukiongezeka maradufu kasi huongezeka mara 32. La pili ni halijoto, na hii ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Nyuzi 10 au 20 za ziada, tofauti ambayo kipimajoto kilichochakaa kinaweza kuikosea, zinatosha kukata umri wa kifaa nusu.

Mpaka uliokuwa rafiki

Sehemu inayofuata ndiyo inayowachanganya watu wengi, hata waliosomea metali kwa kiasi.

Kipande cha kawaida cha metali si fuwele moja. Ni punje nyingi za fuwele zilizobanana, kila moja ikiwa na safu zinazoelekea upande wake, na kati yao kuna mipaka ambako atomi zimepangika ovyo. Mhunzi na mhandisi wa daraja wote hupenda punje ndogo. Mtenguko ukifika mpakani hukuta safu za jirani hazilingani na zake na hushindwa kuvuka. Punje zikiwa ndogo, mipaka ni mingi. Mipaka ikiwa mingi, metali ni ngumu na haivunjiki kirahisi. Kila kitabu cha ufundi husema hivyo, na husema kweli.

Kweli hiyo huisha kwenye joto. Mpaka uliopangika ovyo una nafasi nyingi zaidi, na atomi hukimbia humo kama watu wanaotumia uchochoro badala ya barabara kuu. Metali ikivutwa, atomi huhama kutoka pande zilizobanwa kwenda pande zinazovutwa, na punje hurefuka bila mtenguko hata mmoja kusogea. Frank Nabarro mwaka 1948 na Conyers Herring mwaka 1950 walieleza uhamaji unaopita ndani ya punje. Robert Coble, mwaka 1963, ule unaopita mipakani. Kwa hesabu ya Coble, ukizipunguza punje kipenyo kwa nusu, kasi ya mtambao hupanda mara nane. Kilichokuwa dawa kimegeuka ugonjwa.

Juu ya hilo, punje huanza kuteleza pembeni mwa punje. Palipokutana punje tatu hupasuka kama kabari. Kwenye mipaka iliyokaa msalaba na mvuto huota vishimo, nafasi tupu zilizokusanyika, kimoja hapa kingine pale. Vishimo hukua, hugusana, vinakuwa mstari, mstari unakuwa ufa. Metali ambayo ikiwa baridi ingevutika kama ulimbo kabla ya kukatika, hukatika hapa ikiwa imerefuka asilimia chache tu. Ukitazama uso wa mvunjiko kwa hadubini huoni metali iliyochanika. Unaona punje nzimanzima zilizobanduana kama changarawe kwenye zege bovu.

Ukiuchora mtambao kwenye grafu ya urefu na muda, utaona vipindi vitatu: mwanzo wa haraka unaopungua, katikati ndefu yenye mwendo wa kutulia, na mwisho unaokimbia kuelekea kukatika. Grafu hiyo imechapishwa mara nyingi mno, na naiona inapotosha kidogo. Ile katikati iliyonyooka humfanya mtu adhani kifaa kimetulia, ilhali vishimo vimeshaanza kuota humohumo.

Kama mpaka ulio msalaba ndio adui, kwa nini usiuondoe? Katika miaka ya 1960 Frank VerSnyder na wenzake wa kampuni ya injini za ndege ya Pratt & Whitney walifanya hivyo hasa. Walisubu mapanga kwa namna ambayo metali iliyoyeyuka iligandia upande mmoja kwanza, kalibu ikivutwa polepole kutoka kwenye tanuri, hivyo punje zikaota ndefu kama mabua, zikienda sambamba na mvuto. Mipaka ya msalaba ikatoweka. Kisha wakasogea hatua moja zaidi: chini ya kalibu wakaweka njia nyembamba iliyosokotwa kama parafujo. Punje nyingi huanza kupanda njia hiyo, lakini kona zake huzibana hadi inabaki moja. Hiyo moja hutokeza juu na kujaza kalibu nzima. Panga zima, kutoka shina hadi ncha, linakuwa fuwele moja. Mapanga ya aina hii yaliingia kwenye injini za ndege za abiria mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ushindi huo ulikuja na zawadi ya pembeni. Aloi za zamani zilitiwa kaboni na boroni ili kuishikiza mipaka, na nyongeza hizo zilishusha joto la kuanza kuyeyuka. Pasipo mipaka hazihitajiki kwa wingi, na aloi inavumilia moto zaidi.

Vijiti vya tofali

Kuondoa mipaka kunaziba mlango mmoja. Ndani ya fuwele majongoo bado wanatembea, na hapo siri ya nikeli iko kwenye kiungo kinyonge cha jikoni kwetu sote: alumini. Ukichanganya nikeli na alumini, pamoja na titaniamu au tantalamu kidogo, kisha ukaipasha na kuipoza kwa utaratibu, ndani ya fuwele huota vipande vya mchemraba vyenye upande wa nusu ya mikromita hivi. Ndani ya kila mchemraba, kila atomi ina kiti chake: alumini kwenye pembe, nikeli kwenye nyuso. Mchemraba na mchemraba vimetenganishwa na vichochoro vyembamba vya nikeli yenye atomi zilizochanganyika huru. Katika aloi za kisasa za fuwele moja michemraba hiyo hujaza karibu asilimia 70 ya ujazo wote. Ukiitazama kwa hadubini unaona ukuta wa matofali uliojengwa na fundi makini.

Mtenguko ukitaka kuukata mchemraba, unavuruga viti: nikeli inajikuta inatazamana na nikeli pasipostahili, na hilo hugharimu nishati. Wa pili lazima aje nyuma yake kurudisha mpangilio. Kwa hiyo mitenguko hulazimika kutembea wawiliwawili. Na joto likipanda, wawili hao huwa na tabia ya kuruka kando kidogo na kujifunga wenyewe. Matokeo yake ni jambo ambalo kwangu bado ni la ajabu kuliko yote katika somo hili: hadi karibu na nyuzi 800, michemraba hii huongezeka nguvu kadiri inavyopashwa moto. Metali karibu zote hulegea. Hii hukaza.

Ukosefu wa nikeli ulionekana wazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waingereza walikuwa na aloi ya nikeli iitwayo Nimonic 80 kwa injini zao za kwanza za jeti. Ujerumani, iliyokuwa na uhaba wa nikeli na kromiamu, ililazimika kuibana injini ya Jumo 004 itumie feleji za kawaida zaidi na mapanga matupu ndani yanayopozwa kwa hewa. Injini ilifanya kazi, lakini umri wake ulihesabiwa kwa makumi machache ya saa.

Baadaye vichochoro vyenyewe vikaimarishwa kwa reniamu, metali nzito inayoyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 3,100 na ambayo atomi zake husogea kwa uvivu mkubwa ndani ya nikeli. Kizazi cha pili cha aloi za fuwele moja kina asilimia 3 hivi ya reniamu. Cha tatu, asilimia 6. Kuzidisha kukaleta balaa jipya, kwa sababu reniamu iliyozidi hujitenga na kutengeneza vibamba vigumu vinavyokatika kirahisi, tena vinainyang’anya aloi hiyohiyo nyongeza iliyotiwa kwa gharama. Kizazi cha nne kikaongezewa rutheniamu ili kuvidhibiti vibamba hivyo. Na hata bila vibamba, panga likikaa muda mrefu juu ya nyuzi 1,000 chini ya mvuto, michemraba huungana ubavu kwa ubavu na kuwa vijiti bapa vilivyolala msalaba. Ukuta wa matofali umegeuka rundo la mbao.

Kupoa ndiko kunakopasua

Vifaa vingi vya joto kali, hata hivyo, havifi kwa mtambao peke yake. Vinauawa na kuwashwa na kuzimwa.

Fikiria ukingo wa mbele wa panga wakati injini inawashwa. Ni mwembamba, unapata moto kabla ya kiini chake. Unataka kutanuka, kiini kilicho baridi kinaukatalia, basi unabanwa. Tukichukua tofauti ya nyuzi 100 tu, mtanuko wa nikeli na ugumu wa fuwele moja, mbano unafika megapaskali 180 hivi, mkazo unaolingana na ule ambao mvuto wa mzunguko unaweza kuuleta. Sasa ukingo uliobanwa uko kwenye joto kali, na metali yenye joto hutambaa: kwa saa kadhaa za safari hulegea hadi mbano unapungua. Umezoea umbo jipya, fupi kidogo. Kisha injini inazimwa. Ukingo unapoa, unasinyaa, lakini ulikwisha kufupika, kwa hiyo sasa unavutwa. Ufa hufunguka wakati huo, kwenye kupoa, wakati macho ya wengi yamehama. Mzunguko mmoja haudhuru kitu. Maelfu yake ni uchovu, na uchovu ukikutana na vishimo vya mtambao kila kimoja humharakisha mwenzake.

Bolti za turbaini za mvuke zina kisa cha aina hiyo: zimekazwa, urefu wake hauwezi kubadilika, lakini ndani mtambao unageuza mnyumbuko kuwa urefu wa kudumu, na mkazo unashuka mwaka hadi mwaka hadi kifuniko kinaanza kuvuja.

Hewa nayo haikai pembeni. Aloi nzuri hujivika utando mwembamba wa oksidi ya alumini au kromiamu unaozuia oksijeni kuingia. Kila ukingo unaposinyaa utando hupasuka, unajiponya kwa kunyonya alumini kutoka chini, na siku alumini hiyo inapopungua michemraba nayo huyeyukia mbali. Chumvi ya hewa ya bahari ikikutana na salfa ya mafuta hutengeneza salfati inayoyeyuka juu ya panga na kuula utando huo.

Kutabiri miaka kumi na moja kwa siku nne

Mabomba ya mvuke ya kituo cha umeme hubuniwa kudumu saa 100,000, zaidi ya miaka 11. Hakuna anayesubiri jaribio la namna hiyo kabla ya kujenga. Mwaka 1952 F. R. Larson na J. Miller walipendekeza njia ya mkato: chukua halijoto kwa Kelvini, izidishe kwa jumla ya 20 na logi ya muda kwa saa (logi ya namba ni kipeo cha 10 kinachoizaa namba hiyo). Kwa mkazo uleule, jibu hubaki lilelile, ukiwa umepasha kidogo kwa muda mrefu au sana kwa muda mfupi.

Bomba la nyuzi 540 ni Kelvini 813. Logi ya 100,000 ni 5. Ukijumlisha 20 unapata 25, na 813 mara 25 ni 20,325. Ukipandisha joto hadi nyuzi 650, ambazo ni Kelvini 923, gawanya 20,325 kwa 923: unapata 22.02. Toa 20, inabaki 2.02, ambayo ni logi ya saa 105. Siku nne na nusu maabara zinasimama badala ya miaka 11. Fomula hiyohiyo inasema bomba likiendeshwa kwa nyuzi 550 badala ya 540, umri wake unashuka hadi saa 50,000.

Hatari imejificha kwenye sharti lisilosemwa: kwamba metali inaharibika kwa njia ileile kwenye joto zote mbili. Mara nyingine sivyo. Feleji zenye kromiamu karibu asilimia 12 zilionekana imara sana kwenye majaribio ya miaka michache, kisha kwa muda mrefu zaidi ikatokea aina mpya ya chembe inayokula zile chembe ndogo zilizokuwa zikiishikilia, na makadirio yakabidi yashushwe. Viungo vya kulehemu vina lao pia: kando ya weldi kuna ukanda mwembamba uliopashwa kiasi cha kuzaa punje ndogo, na ukanda huo ndio unaotambaa haraka na kupasuka, ingawa bomba pande zote mbili ni zima.

Ndiyo maana wakaguzi hawaiachii fomula peke yake. Mtambo ukizimwa kwa matengenezo, hukwangua rangi ya bomba kando ya kiungo, hung’arisha sehemu ndogo hadi inameremeta kama kioo, huipaka asidi, kisha hubandika kipande cha plastiki laini iliyolowekwa na kukibandua kikishakauka. Kipande hicho kimebeba alama ya kila punje na kila kishimo. Chini ya hadubini, vishimo vilivyotawanyika vina maana bomba linaendelea na kazi na litatazamwa tena baadaye. Vikiwa vimejipanga mstari kando ya mipaka, ukaguzi unaofuata hufanywa mapema zaidi. Vikiwa vimeshagusana na kuwa nyufa ndogo, huanzwa kupangwa tarehe ya kukata.